UZI: Kwa nini kila mradi mpya wa nyumba Pwani unaanza na swali "ardhi ni ya nani?"

1/ Wiki jana nilihudhuria mkutano wa kutoa maoni chini ya mwembe, kijiji kimoja kaunti ya Kilifi, upande wa bahari ukitoka Mombasa kwenda Malindi. Ajenda: mradi mpya wa makaazi. Ploti za 50 kwa 100, barabara za kabro, ukuta, lango lenye walinzi. Nyumba ya nyanya yangu iko ndani ya ramani ile. Ndiyo maana nilienda.

2/ Mwakilishi wa mradi alisimama akaonyesha nakala ya hati miliki. Mzee mmoja akasimama akanyoosha mkono kuelekea makaburi ya wazazi wake, hatua kama mia kutoka tulipokaa. Baada ya hapo ikawa kelele. Kila mwanasiasa aliyeshika kipaza sauti alichagua upande, akapigiwa makofi, akaondoka. Hakuna hata mmoja aliyeeleza imekuwaje watu wawili wawe na ushahidi juu ya ardhi moja, na wote wawili hawasemi uongo.

3/ Uzi huu ni wa kueleza hilo. Kama kawaida hapa, sitataja mwanasiasa wala chama. Mambo haya yalianza kabla ya chama chochote mnachokijua na yamepita mikononi mwa serikali zote tulizowahi kuwa nazo. Chukua chai, kaa kitako. Ni mrefu.

MAILI 10

4/ Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba Sultani wa Zanzibar ana mamlaka juu ya ukanda wa maili 10 kutoka baharini. Bara wakagawana wao kwa wao. Ukanda huo ndio wazee wetu waliuita Mwambao. Waliokuwa wakilima na kuvua humo, Wamijikenda, Waswahili na wengineo, hawakuulizwa neno.

5/ Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza ikapewa ukanda huo iuendeshe. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikauchukua yenyewe, ikawa inamlipa Sultani kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Bendera ya Sultani ikabaki inapepea, lakini anayeamua ni Mwingereza. Ndiyo sababu mwaka 1920 bara ilipotangazwa Koloni, Mwambao ulibaki Himaya. Nchi moja machoni pa watu, mbili kwenye makaratasi.

6/ Sasa kuna sehemu ambayo wanasiasa wa kwetu Pwani huiruka. Karne ya 19, mashamba makubwa ya Malindi, Takaungu na Mombasa yalilimwa na watumwa. Mtama, ufuta, nazi: jasho lilikuwa lao. Wengi waliletwa kutoka kusini, pande za Ziwa Nyasa. Wengine walitoroka wakaanzisha vijiji vyao, kama Fuladoyo. Wengine walipokewa na wamisheni Rabai, na Freretown iliyoanzishwa 1875.

7/ Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907. Sheria ile ilimfidia mwenye watumwa kwa hasara yake. Aliyekuwa mtumwa alipewa uhuru wake, basi. Hakupewa hata kipande cha lile shamba alilolilima. Wengi wakabaki palepale, wakalima palepale, kwa ruhusa ya mdomo ya bwana yuleyule wa zamani.

8/ Shika huo mwaka: 1907. Maana mwaka uliofuata ndio ulioamua mengi ya yale tunayopigania mpaka leo.

SHERIA YA 1908

9/ Mwaka 1908 ikaja Sheria ya Hati za Ardhi. Serikali ya kikoloni ilitaka walowezi na makampuni waje wanunue ardhi Pwani, lakini hakuna anayenunua asichojua ni cha nani. Kwa hivyo ikaamriwa: kila mwenye madai ya ardhi ndani ya Mwambao ajitokeze mbele ya Msajili wa Hati, atoe ushahidi, apimiwe, apewe cheti. Ardhi isiyodaiwa na mtu ikawa ya Mfalme, yaani ardhi ya serikali.

10/ Isome tena hiyo sentensi ya mwisho. Sheria haikuuliza nani anaishi hapa. Iliuliza nani amekuja ofisini.

11/ Waliokuja ni wale walioijua ofisi: familia za mijini zilizokuwa na barua, wasia, mashahidi na wanasheria, pamoja na wafanyabiashara waliokuwa wamenunua kutoka kwao. Mwenye cheti akapata umiliki huru, ule usio na mwisho. Baadhi ya vyeti hivyo ndivyo mizizi ya hati ambazo mpaka leo zinatolewa kwenye mikutano kama ule wa chini ya mwembe.

12/ Nani hakupata? Kwanza, Mmijikenda. Ardhi yake ilikuwa ya ukoo na ya kaya, haina jina la mtu mmoja, na sheria ilitaka jina la mtu. Tena serikali ilishamwekea "hifadhi ya wenyeji" huko ndani, nyuma ya maili 10, ikawa inamwona kama mpita njia akikaribia bahari. Pili, mtumwa aliyeachwa huru mwaka mmoja tu kabla. Angedai nini, na shahidi wake angekuwa nani? Bwana wake?

13/ Tatu, hata Mswahili maskini, yule mvuvi wa kijijini asiye na karatasi, aliachwa nje. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "Waarabu na Waswahili walichukua ardhi ya Mijikenda," mwambie apunguze mwendo. Wachache wenye karatasi walipata. Wengi wasio na karatasi, wa kila kabila, walikosa.

14/ Wenyeji hawakunyamaza. Mwaka 1913 Wagiriama, wakihamasishwa na Mekatilili wa Menza, walikataa kodi, kazi za mashambani na amri za serikali. Mojawapo ya mambo yaliyokuwa yakisukumwa ni kuwaondoa kwenye ardhi nzuri kaskazini mwa mto Sabaki na kuwarudisha kusini. Mekatilili akakamatwa akapelekwa mbali, Kisii, akatoroka akarudi. Mwaka 1914 serikali ikalipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vya ardhi Pwani havikuanzia kwenye kampeni za juzi.

NYUMBA YANGU, ARDHI YAKE

15/ Hapo ndipo alipozaliwa "skwota" wa Pwani. Bara, skwota alikuwa mtu aliyehamia shamba la mlowezi kutafuta kazi. Huku kwetu, watu wengi waliitwa maskwota bila kuhama hata hatua moja. Walilala wakiwa wakaazi, karatasi ikapita juu ya vichwa vyao, wakaamka maskwota.

16/ Kisha kuna jambo la Pwani ambalo ndugu zetu wa bara hulishangaa: nyumba bila ardhi. Kwa desturi ya huku, mnazi unaweza kuwa wangu na udongo ukawa wako. Nyumba inaweza kuwa yangu na kiwanja kikawa cha mwingine. Mwenye shamba anakata viwanja, wewe unajenga nyumba yako ya Kiswahili, unamlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Majengo, Kisauni, Likoni, Changamwe: maelfu ya familia zimeishi hivyo vizazi kadhaa.

17/ Mpango huo ulifanya kazi vizuri wakati mwenye shamba na mwenye nyumba wanajuana, wanazikana, wanaoana. Shida ilianza pale mwenye shamba alipofariki, watoto wakahamia ng'ambo au Nairobi, hati ikauzwa, mnunuzi naye akauza. Siku moja anakuja mtu usiyemjua na gari jeupe, anapima. Kwake yeye, nyumba yako ni uchafu juu ya ploti yake.

18/ Nyanya yangu ana kopo la majani ya chai. Ndani yake kuna stakabadhi za kodi ya kiwanja, alizokuwa akilipa babu, kisha yeye. Ya mwisho ni ya 1994, mwaka ambao yule mzee aliyekuwa akikusanya kodi aliacha kuja. Amezitunza kama dhahabu. Nitarudi kwenye hilo kopo, maana lina somo chungu.

UHURU NA BAADA YAKE

19/ Tukaribia uhuru, swali likawa: Mwambao uende wapi? Uwe peke yake, urudi Zanzibar, au uungane na Kenya? Mwaka 1961 kamishna wa Kiingereza, Sir James Robertson, alipendekeza uungane na Kenya. Oktoba 1963 serikali ya Kenya na ya Sultani zikakubaliana hivyo. Katika barua walizobadilishana, Kenya iliahidi kulinda mahakama za Kadhi na mambo mengine kadhaa. Mojawapo: hati za umiliki huru zilizokwisha sajiliwa Pwani zitaendelea kutambuliwa.

20/ Kwa maneno mengine, yale matunda ya 1908 yalivuka uhuru salama salimini. Bendera ilibadilika, wimbo ukabadilika, rejista ya ardhi haikubadilika. Na ile iliyokuwa ardhi ya Mfalme ikawa ardhi ya serikali ya Kenya, pamoja na watu waliokuwa juu yake.

21/ Serikali zilizofuata zilijaribu dawa moja kubwa: skimu za makazi. Chukua ardhi ya serikali, au nunua shamba, pima, gawa. Baadhi zilisaidia watu kweli. Lakini mara nyingi orodha ya waliogawiwa haikufanana na orodha ya waliokuwa wakiishi pale. Mpeketoni, Lamu, ilipewa zaidi familia kutoka bara, na uchungu wa jambo hilo umebaki. Magarini, kaskazini mwa Malindi, fedha za msaada wa Australia ziliingia miaka ya 1970 na 1980. Mradi ukaja kuandikwa vitabuni kama mfano wa namna ya kushindwa.

22/ Wakati huohuo utalii ukapanda. Diani, Watamu, Malindi: ufuo ambao wazee waliuona ni mahali pa chumvi na upepo, pasipolimika, ghafla ukawa mali kuliko shamba. Ploti za ufuoni zikagawiwa watu wenye vyeo na marafiki zao. Njia za wavuvi kwenda baharini zikazibwa na kuta. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma kote nchini, iliorodhesha mengi ya namna hiyo.

23/ Sera ya Kitaifa ya Ardhi ya 2009 ilikiri kwamba Pwani ina tatizo lake la pekee. Katiba ya 2010 ikagawa ardhi mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya kibinafsi. Ikasema mgeni asiye raia hawezi kumiliki ila kwa kukodi, isizidi miaka 99. Ikaunda Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Na kifungu cha 40 kikasema ulinzi wa mali hauhusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Maneno matamu. Utekelezaji ndio mlima.

SASA TUPIME KAULI ZA MAJUKWAANI

24/ KAULI YA KWANZA: "Hati ni hati. Mwenye hati ndiye mwenye ardhi." Kuna ukweli. Bila hati kuheshimiwa hakuna mkopo, hakuna soko, na hata mnyonge aliyepata hati ya skimu anaweza kunyang'anywa. Lakini sheria yenyewe haisemi hati ni msahafu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaruhusu hati kupingwa kama ilipatikana kwa ulaghai, au kinyume cha sheria, au kwa njia ya ufisadi.

25/ Mfano ni wa hapahapa. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja cha ufuoni Nyali. Kampuni ilikinunua, ikasema ni mnunuzi mwema asiyejua kasoro. Kumbe kiwanja kilikuwa nafasi ya wazi ya umma, na ugawaji wa kwanza kabisa, wa mwaka 1989, haukufuata utaratibu. Mahakama ikasema: mzizi ukiwa mbovu, hati zote zilizochipuka juu yake hazina ulinzi. Kununua kwa moyo safi hakutoshi. Unatakiwa uchimbe mpaka mwanzo.

26/ Kama unanunua ploti kwenye mradi wowote mpya Pwani, hiyo kesi ni yako. Usiishie kwa hati anayokuonyesha muuzaji. Uliza: hati hii ilitoka kwa nani, mwaka gani, kabla ya hapo ardhi ilikuwa nini? Wengi wa wanunuzi si mabwenyenye. Ni mwalimu wa Kakamega aliyechukua mkopo wa sako, ni dada aliye Doha anayetuma mshahara. Historia hii inawahusu kuliko wanavyojua.

27/ KAULI YA PILI: "Ardhi yote irudishiwe wenyewe." Inapigiwa makofi mengi zaidi, na mimi mwenyewe damu hunichemka nikiisikia. Lakini ulizeni: wenyewe ni nani? Mmijikenda aliyekuwa na kaya? Mjukuu wa mtumwa aliyelima shamba hilo miaka hamsini bila ujira? Mswahili wa kijiji cha uvuvi? Mtu wa bara aliyezaliwa skimu, hana kwao kwingine? Anayetoa ahadi hii bila kujibu hilo swali anawaandaa watu kugombana wao kwa wao.

28/ Tena tusijidanganye. Kuna wenyeji walioupata ukweli huu wa uchungu wakaufanya biashara. Ploti moja inauzwa mara tatu kwa barua ya mzee wa kijiji. Kuna vijana wanaolipwa kujenga vibanda usiku mmoja kwenye shamba la mtu ili kesho waitwe maskwota wa tangu jadi. Kila mara jambo hilo linapotokea, anayeumia ni yule skwota wa kweli. Kesi yake inawekwa kapu moja na ya matapeli.

29/ KAULI YA TATU: "Serikali itanunua shamba iwagawie." Imewahi kufanyika. Likoni kuna shamba la ekari 930 lililokaliwa na maelfu ya watu. Serikali ikalinunua, na mwanzoni mwa 2016 hati zikaanza kutolewa. Watu walishangilia. Kisha wakasoma masharti: kila mmoja alitakiwa kulipa Sh182,000. Kwa familia nyingi, hiyo ilikuwa ni kununua pale walipokwisha kaa miaka mingi. Kwa hivyo mwanasiasa akikuahidi kununua, swali la pili ni: nani atalipa, na kiasi gani?

30/ KAULI YA NNE: "Mnapinga maendeleo." Hii ndiyo iliyotupwa sana chini ya mwembe. Jamani, Pwani inahitaji nyumba. Vijana wetu wanahitaji kazi ya ujenzi, maji ya bomba, barabara. Nimewasikiliza watu wa kijiji kile mmoja mmoja, na sikukutana na aliyesema hataki mradi. Walichouliza ni: kwenye hiyo ramani, sisi tuko wapi?

TURUDI KWENYE LILE KOPO

31/ Mkutano ulipoisha, Nyanya alinipa kopo lake. "Mjukuu wangu, wewe umesoma. Mpelekee wakili hizi, aone nimelipa." Nikampelekea. Wakili akazipanga mezani, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Alikuwa anakaa pale kwa ruhusa?"

32/ Hii hapa sheria, kwa lugha rahisi. Ukikaa kwenye ardhi ya kibinafsi ya mtu mwingine waziwazi, mfululizo, bila ruhusa yake, miaka 12, unaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuomba isajiliwe kwa jina lako. Lakini mwenye kulipa kodi yuko pale kwa ruhusa. Kila stakabadhi Nyanya aliyoitunza kwa uaminifu inasema: ardhi hii najua ni ya mwingine. Aliyevamia bila kulipa senti ana njia rahisi kuliko mwanamke aliyelipa kila mwezi.

33/ Nilikasirika. Wakili akaniambia nisikimbilie kukata tamaa. Mahakama inaweza kuanza kuhesabu ile miaka pale kodi ilipolipwa mara ya mwisho. Stakabadhi ya mwisho ni ya 1994, na tangu hapo hakuna aliyekuja kudai. Hiyo ni hoja ya kupeleka kortini. Si ushindi, ni hoja. Kwa hivyo tafadhali: msichome wala msitupe karatasi za wazee, hata zile zinazoonekana kuwaumiza. Tarehe zake zina kazi.

34/ Angalizo: njia hiyo ya miaka 12 haifanyi kazi kwenye ardhi ya umma. Ukikaa juu ya ardhi ya serikali hata miaka 60, miaka peke yake haikupi hati. Ndiyo maana swali la kwanza kabisa la kuuliza ofisi ya ardhi ni: hapa tulipo ni ardhi ya fungu gani?

KABLA TINGATINGA HALIJAFIKA

35/ Kama mradi wa makaazi unapangwa kijijini kwenu, haya hayahitaji mwanasiasa. Moja: mwenye mradi lazima apate kibali cha kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, na kubadilisha shamba la kilimo kuwa la makaazi ni ombi linaloweza kupingwa. Ombeni kuona ramani, si picha za nyumba zenye vidimbwi vya kuogelea. Picha inauza. Ramani ndiyo inayofunga.

36/ Mbili: kwenye ramani, tafuteni vitu ambavyo mpima ardhi asiye wa hapo havioni. Makaburi. Kisima cha maji baridi. Njia ya kwenda baharini. Mahali wavuvi hupandisha vyombo. Msikiti wa kijiji na ardhi yake ya wakfu. Kaya, kama iko karibu; kaya za Mijikenda ni urithi wa dunia tangu 2008. Kisipoandikwa kabla ya idhini, baadaye mtaambiwa hakikuwepo. Ni 1908 ileile, imevaa suti.

37/ Tatu: tathmini ya athari kwa mazingira. Mradi mkubwa hauanzi bila leseni ya NEMA, na umma una haki ya kutoa maoni. Leseni ikitolewa vibaya, kuna siku 60 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira. Mnakumbuka mradi wa umeme wa makaa ya mawe Lamu? Juni 2019 mahakama hiyo ilifuta leseni yake, na mojawapo ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika, lakini haikutosha. Kukusanya sahihi na kugawa soda si kushirikisha.

38/ Nne: kuondolewa. Tangu marekebisho ya 2016, Sheria ya Ardhi inataka mtu anayekaa kwenye ardhi ya kibinafsi bila idhini apewe notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kabla ya kuondolewa, na akiipata anaweza kwenda kortini. Tingatinga la alfajiri bila notisi si utekelezaji wa sheria, ni uvunjaji wa sheria. Pigeni picha, andikeni tarehe, hifadhini.

39/ Tano: andikeni wenyewe. Nani anaishi wapi, tangu lini, alizaliwa nani hapo, minazi mingapi, makaburi mangapi. Kijiji kile kimeanza. Wanawake wawili wa chama cha akiba wanapita nyumba kwa nyumba na daftari la shule. Sijaona kazi ya siasa iliyo muhimu zaidi ya hiyo mwaka huu, na haina jukwaa wala kipaza sauti.

40/ Ramani ya mradi tuliiona hatimaye. Makaburi hayamo. Kisima hakimo. Njia ya bahari imekuwa ploti namba fulani. Nyumba ya Nyanya imepitiwa na barabara ya mita tisa. Mtaalamu wa mipango, kijana mpole tu, aliniambia alifanya kazi kwa ramani aliyopewa na ilionyesha shamba tupu. Namwamini. Ramani ya shamba tupu imekuwa ikipitishwa mkono kwa mkono kwa zaidi ya miaka mia.

41/ Nilimuuliza Nyanya nimwandikie nini kwenye fomu ya maoni. Akasema: "Andika sikatai majirani. Hao watakaokuja na nyumba zao nzuri nitawapikia mahamri. Lakini na mimi nataka karatasi yenye jina langu, na barabara izunguke kaburi la babu yako." Nikaandika hivyohivyo. Fomu imepokewa, imegongwa muhuri, nakala iko ndani ya kopo.

42/ Kwa hivyo kabla hujampigia mtu makofi kwenye mkutano ujao, muulize hayo mawili: hati hii mzizi wake ni nini, na waliopo juu ya ardhi wako wapi kwenye ramani? Akijibu yote mawili, msikilize. Akijibu moja, muulize tena. Mkutano wa pili wa kijiji chetu ni mwezi ujao, chini ya mwembe uleule. Daftari litakuwepo.